Trela si habari mpaka ikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa burudani wa gazeti lako una mazoea ya kuandika "mashabiki wachachamaa" kila studio ya Marekani inapoachia trela mpya, yaani video fupi ya kutangaza filamu. Habari yenyewe huwa na viungo vitatu: maoni matano yaliyookotwa mtandao wa X, idadi ya waliotazama, na picha iliyokatwa kwenye video. Mimi sipingi habari za mashabiki, kwani mara nyingine huona jambo kabla ya waandishi. Ninachopinga ni kuchapisha namba, na hata trela zenyewe, bila ukaguzi ambao hauhitaji zaidi ya bando na nusu saa.

Nianze na trela za kughushi, maana hapo ndipo ukurasa unapovuja zaidi. Kwa muda mrefu chaneli mbili za YouTube, Screen Culture ya India na KH Studio ya Marekani, zilijaza mtandao kwa trela za filamu ambazo hazijatoka, nyingine zikiwa hazina hata mpango wa kutengenezwa. Zilishona vipande vya filamu za zamani pamoja na picha za akili mnemba. Machi 2025 tovuti ya habari za filamu ya Deadline iliripoti kwamba Screen Culture peke yake ilikuwa na matoleo 23 ya trela ya The Fantastic Four: First Steps, na baadhi yalitokea juu ya trela halisi mtu akitafuta. YouTube ikawakatia mapato ya matangazo mwezi huohuo, na Desemba 2025 ikazifunga chaneli zote mbili. Jambo ambalo wengi hawakulizingatia katika ripoti ile ni kwamba baadhi ya studio kubwa hazikuomba video hizo ziondolewe, bali ziliomba fedha za matangazo ziingie mifukoni mwao. Kwa hiyo ile hoja ya "ingekuwa feki studio ingeshaifuta" haina miguu.

Chaneli hizo zimekwenda, mbinu zake zimebaki. Mwandishi wenu akikutana na trela, asiridhike na tiki iliyo kando ya jina la chaneli. YouTube huitoa kwa chaneli yenye watu 100,000 na zaidi waliojiunga, ikiisha kuthibitisha kwamba mwenye chaneli ndiye anayejitaja. Haisemi kwamba mwenyewe ni studio. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya studio na kufuata kiungo chake hadi kwenye video, si kinyume chake. Pili, asome jina la video lote na maelezo yaliyo chini yake. Waghushi wengi hujikinga kwa maneno "concept" (wazo tu) au "fan made" (kazi ya shabiki), lakini huyaweka mwishoni mwa jina, pale simu inapolikata, au ndani ya maelezo ambayo hayafunguki mpaka ubofye. Lisemwalo lipo, wahenga walituambia. Hawakuwa na chaneli ya YouTube.

Halafu picha yenyewe. Kwenye kompyuta, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta: inasogea mbele fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video. Kitufe cha mkato (,) kinairudisha nyuma. Tazama mkono unaposhika kitu, maandishi ya mabango yaliyo nyuma, na meno ya mtu anapozungumza. Picha za akili mnemba hupoteza umbo kadiri zinavyorefuka, sura ya mtu ikaanza kuwa ya mtu mwingine, ndiyo maana mghushi hukata kabla hujaigundua. Lakini trela halisi nazo hukatwa harakaharaka, hivyo ufupi wa kipande peke yake si ushahidi. Sikiliza pia: mhusika akizungumza huku mdomo wake hauonekani, kipande baada ya kipande, kuna uwezekano sauti imechotwa kwenye filamu nyingine au imetengenezwa. Ukishuku kipande, piga picha ya skrini uipeleke Google Lens, chombo cha kutafuta kwa picha. Mara nyingi kitarudi na jina la filamu ya miaka kadhaa iliyopita ambayo mwigizaji huyohuyo alicheza.

Mwisho wa trela kamili huwa na fungu la majina kwa herufi nyembamba zilizobanana. Mpangilio wake hutokana na mikataba ya waigizaji, waandishi na waongozaji, wala si mapambo. Mghushi huliacha, au hulinakili kutoka kwenye bango la zamani, au akili mnemba humwandikia herufi zisizosomeka. Angalizo: kionjo halali (trela fupi ya awali) cha dakika moja kinaweza kukosa fungu hilo, kwa hiyo lisitumike kuhukumu peke yake.

Sasa namba. Disney ilitangaza kwamba trela ya kwanza ya Deadpool & Wolverine, iliyorushwa wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Februari 2024, ilitazamwa mara milioni 365 ndani ya saa 24. Magazeti mengi yaliandika "watu milioni 365". Hapana. Hiyo ni idadi ya mara video ilipotazamwa, imetolewa na mwenye bidhaa, na imejumlishwa kutoka mitandao ambayo kila mmoja una kanuni yake ya kuhesabu. Ndani ya YouTube pekee kanuni ziko zaidi ya moja. Trela ikilipiwa iwe tangazo linaloweza kurukwa, mtu akiliangalia kwa sekunde 30 au akilibofya, hesabu ya video inapanda, ingawa yeye alikuwa anasubiri video ya mapishi ya biriani. Kwa video fupi za Shorts, tangu 31 Machi 2025 hesabu inapanda kila video inapoanza kucheza, hata ikijirudia yenyewe mbele ya mtu yuleyule. Andikeni "mara", mtaje aliyehesabu, na sentensi itakuwa ya kweli.

Dole la chini, alama ya kutoipenda video, lina mkasa mkubwa zaidi. YouTube iliacha kuonyesha idadi yake kwa umma Novemba 2021. Tangu hapo, anayeijua idadi kamili kwenye video ni YouTube na mwenye chaneli. Namba mnazozichapa, kama zile zilizosambaa kuhusu kionjo cha The Little Mermaid Septemba 2022, hutoka kwenye kiongezo cha kivinjari kiitwacho Return YouTube Dislike. Chombo hiki huchukua mibofyo ya watu waliokisakinisha, pamoja na kumbukumbu za kabla ya namba kufichwa, kisha hukadiria wengine wote. Nani husakinisha kiongezo cha kuona madole ya chini? Ni mtu anayeyajali madole ya chini! Sampuli imeinama tangu mwanzo. Kukitumia si kosa, kosa ni kuandika kadirio kana kwamba ni hesabu.

Na hata ingekuwa hesabu, haitabiri mapato. The Little Mermaid ilipigiwa kelele kubwa na ikakusanya takriban dola milioni 569 duniani. Snow White ya 2025 ilipigiwa kelele za kufanana na hizo na ikaishia takriban milioni 205. Anayedai kwamba mtandao "uliiua" ya pili aeleze kwanza kwa nini haukuiua ya kwanza.

Kila mara ubishi huu unapozuka, kuna atakayemtaja Sonic. Ni kweli, pale mashabiki walisikilizwa, lakini sababu zake ndizo zenye faida kwa mwandishi. Trela ya kwanza ya Sonic the Hedgehog ilitoka 30 Aprili 2019. Mnyama yule wa mchezo wa video alikuwa na meno ya binadamu, macho madogo yaliyotengana na miguu myembamba kama ya mwanariadha. Siku mbili baadaye mwongozaji Jeff Fowler aliahidi kumbadilisha. Tarehe ya filamu ikasogezwa kutoka 8 Novemba 2019 hadi 14 Februari 2020, na Tyson Hesse, mchoraji aliyekwisha kuchora vitabu vya katuni vya Sonic, akaongoza usanifu mpya. Iliwezekana kwa sababu Sonic hakuwapo mahali pa kupigia picha. Jim Carrey na James Marsden waliigiza na mtu asiyekuwapo, na picha zao zilibaki vilevile, kilichobadilika ni umbo la kompyuta lililopachikwa juu yake. Tena, trela inapotoka miezi sita kabla ya filamu, kwa kawaida vipande vya trela ndivyo vinavyowahishwa kukamilishwa; sehemu kubwa ya kazi za kompyuta bado ni rasimu.

Kwa hiyo mashabiki wakilalamika, mwandishi ajiulize: wanacholalamikia kimo ndani ya kompyuta, au kimeshapigwa picha? Rangi, umbo la mnyama, muziki na urefu vinaweza kurekebishwa. Mwigizaji mwenyewe, hadithi au mandhari ya jengo vikitakiwa kubadilishwa, lazima watu waitwe upya, majukwaa yajengwe upya na ratiba za waigizaji zipatikane, jambo ambalo studio huliepuka kama ukoma. Nakumbusha pia kwamba kazi ya Sonic ilifanywa na mafundi wenye saa zao za kulala. Ofisi ya Vancouver, Kanada, ya kampuni ya picha za kompyuta ya MPC, iliyoshiriki kazi hiyo, ilifungwa Desemba 2019. Kampuni ilitaja hali ya soko la Vancouver, hivyo asije mtu akaandika kwamba Sonic ndiye aliyeifunga.

Kuna kosa jingine: kuieleza filamu kwa kutazama trela. Trela ya Avengers: Infinity War ilimwonyesha Hulk, lile jitu la kijani, akikimbia na wenzake uwandani Wakanda, kwenye filamu hayumo katika pambano lile kwa umbo hilo. Trela za Rogue One zina vipande kadhaa ambavyo havikufika kwenye filamu. Toleo la Brazil la trela ya Spider-Man: No Way Home lilionyesha mjusi Lizard akipigwa kichwani na hewa tupu, na mashabiki waliosogeza fremu moja moja wakasema kuna mtu amefutwa pale. Walikuwa sahihi. Nchini Marekani watazamaji wawili walikwenda mahakamani kwa sababu mwigizaji Ana de Armas alionekana kwenye trela ya Yesterday lakini hayumo kwenye filamu waliyoikodi kwa dola 3.99. Desemba 2022 jaji wa shirikisho Stephen Wilson aliamua kwamba trela ni tangazo la biashara na inaweza kuguswa na sheria za matangazo ya uongo. Basi nanyi iandikeni kama tangazo: "trela inaonyesha", si "filamu inasimulia".

Na hao mashabiki ni akina nani? Maoni mnayotafsiri ni ya Kiingereza, mengi ya Wamarekani. Mtazamaji wa kibanda umiza, anayemsubiri DJ aifasiri filamu kwa Kiswahili, hana habari na trela. Yeye huangalia bango ukutani na kuuliza nani kaitafsiri. Na mkitumia maoni yaliyo chini ya video, chagueni mpangilio wa maoni mapya badala ya maoni bora, kwa kuwa yanayokaa juu aghalabu ni ya saa za mwanzo yaliyobebwa na kupendwa. Soma mia moja mfululizo bila kuchagua, yagawe mafungu matatu (ya kusifu, ya kulaumu na yasiyo na upande), kisha andika umepata mangapi kila fungu. Ni kazi ya dakika ishirini, na inawapa haki ya kutumia neno "wengi".

La mwisho ni saa na madaraja ya umri. Netflix kwa kawaida hufungua kipindi kipya saa sita usiku ya California. Sisi tuko mbele kwa saa 11, au 10 wao wanapokuwa wamesogeza saa zao kati ya Machi na Novemba. Kwetu hiyo ni saa 5 asubuhi, au saa 4 asubuhi, tarehe ileile. Lakini hubadilika: msimu wa tano wa Stranger Things ulifunguliwa 26 Novemba 2025 saa 11 jioni ya California, yaani saa 10 alfajiri ya tarehe 27 Afrika Mashariki. Aliyenakili tarehe tu aliwakesha watu usiku mmoja kabla ya wakati. Kwa filamu za kumbi, tarehe iliyo kwenye trela ni ya Marekani, hivyo pigeni simu kwenye ukumbi. Madaraja ya PG-13 na R nayo ni ya Marekani. Kenya ina GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 ya bodi yake ya kuainisha filamu, KFCB, na Tanzania kuna Bodi ya Filamu. Mzazi anayesoma gazeti lako Tanga au Mombasa anahitaji daraja la kwao.

Nawaomba pia jambo dogo. Mkigundua mlichapisha trela ya kughushi, marekebisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa burudani, na si ukurasa wa 14 chini ya tangazo la viwanja.

Msomaji wenu,
Morogoro