Tafuteni kadi ya kliniki kwanza

Dar es Salaam, Jumanne usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Poleni sana. Ujumbe wako kwamba mtoto wa kaka yako amekamatwa kwa kesi ya pikipiki nimeupata jioni, nikapiga simu haipatikani. Basi nakuandikia, na haya uyasome na kaka yako kabla hajaanza kukopa hela za wakili.

Wakili atangoja. Shughulikieni umri. Umesema kijana ana miaka 15, lakini kituoni ameandikwa 19. Wala sishangai. Miaka yote niliyokaa karani mahakamani nimeyaona haya: mtoto ana kimo cha baba yake, sauti imeshakuwa nzito, askari anakadiria kwa macho. Au mtoto mwenyewe anajiongezea, kwa sababu wakubwa aliokamatwa nao wamemdanganya kwamba mtu mzima hupewa dhamana upesi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na karibu kila kitakachomfika sasa kinategemea hapo: atalala na nani, atashtakiwa wapi, ataadhibiwa vipi.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA mnacho? Kama hamna, kadi ya kliniki. Nilimwona mama mmoja akiifungua yake kutoka pindo la khanga, mende wameshaila pembeni, lakini tarehe ya kuzaliwa na uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi vinasomeka. Hakimu akaigeuza, akaitazama tena, akasema suala la umri limalizwe kwanza. Ikiwa nayo imepotea, wifi yako aende mwenyewe akaeleze amemzaa lini. Neno la mzazi kuhusu umri wa mwanawe lina uzito mahakamani.

Kituoni, mtoto akishikwa, polisi wanatakiwa kumjulisha mzazi mara moja, pamoja na kosa analoshukiwa. Mpelelezi akitaka kuandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mshukiwa yanayoweza kutumika kama ushahidi, kaka yako awepo, na kijana asitie saini asichokielewa. Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, la polisi hao hao. Ombeni atengwe na mahabusu wakubwa, ni haki yake. Dhamana ya polisi hailipiwi, kwa hiyo nendeni na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha mdhamini. Atakayetaka ya soda, mwambieni aandike risiti.

Ikifika Mahakama ya Watoto, msiogope. Watazamaji hawaruhusiwi, mzazi anakuwepo, na afisa ustawi wa jamii naye yumo. Dhamana ikikwama, apelekwe mahabusu ya watoto, na Tanga mnayo, si gerezani. Huyo afisa atakuja hadi nyumbani kuuliza malezi na shule. Mwambieni kweli, hata ile habari ya kutoroka masomo, maana majirani watamwambia tu. Ripoti yake hakimu huitazama kabla ya kuamua.

Wifi mwambie apunguze kulia: sheria imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Akitiwa hatiani anaweza kuachiwa kwa masharti, au kukabidhiwa kwa ndugu anayefaa. La uzito zaidi ni shule ya maadilisho, ya kurekebisha watoto waliotiwa hatiani, ile ya Irambo, Mbeya. Hilo nisikufiche, ni mbali na si jambo dogo.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni hao vijana wawili wakubwa aliokamatwa nao. Wakiunganishwa kwenye hati moja ya mashtaka, kesi yaweza kwenda mahakama ya kawaida, na huko mtoto mrefu aliyeandikwa 19 hupita kama mtu mzima, hakuna wa kuuliza. Kwa hiyo siku ya kwanza tu, shtaka likisomwa, kaka yako asimame aseme huyu ni mtoto, na karatasi iwe mkononi. Asingoje siku ya hukumu.

Habari ya kumlipa mwenye pikipiki ili yaishe, msimpe mtu hela kwa siri. Tutaongea.

Kadi ikipatikana, ipige picha pande zote mbili unitumie usiku huu huu. Nami kesho asubuhi nitampigia mwenzangu tuliyefanya naye kazi, yuko huko Tanga, akusindikize kituoni.

Wako,
Zuhura