Sophy anapendeza, ila mkopeshaji kaonewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya vitabu, aliyezitupa kapuni riwaya zote za mapenzi za Uingereza ya kale kwamba ni za kupotezea muda wasichana. Mimi si msichana. Nimestaafu uafisa mikopo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanga, na mojawapo ya riwaya hizo, The Grand Sophy ya Mwingereza Georgette Heyer, iliyotoka 1950, nimeirudia zaidi ya mara moja. Kasoro inazo, tena nzito, lakini siyo hizo alizozitaja yeye.

Mambo yanatokea London baada ya vita vya Waterloo vya 1815, wakati Mfalme George wa Tatu kaugua akili na mwanawe anashika nchi kwa niaba yake. Sophy, binti mrefu wa miaka 20 aliyekulia huku na huko Ulaya na baba mwanadiplomasia, anaachwa kwa shangazi yake wakati baba anakwenda Brazili. Anafika na kima aliyevaa koti jekundu, kasuku, mbwa na farasi mweusi. Nyumba anaikuta imenuna. Mume wa shangazi amefuja mali kwenye kamari, na mtoto mkubwa, Charles, aliyebahatika kupata urithi, ndiye anayelipa madeni ya baba na kufokea kila mtu. Cecilia, dada yake, ametafutiwa mchumba wa maana, lakini siku za posa bwana huyo akashikwa na matubwitubwi. Akajifungia na mashavu yake, na nyuma binti akampenda mshairi asiyejua hata bei ya mkate.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha mtaa wa St James's. Eugenia, mchumba wa Charles, ni mtu wa kukukosoa kwa upole mpaka unatamani bora akutukane. Sophy anampakia kwenye gari lake la farasi, analiendesha mwenyewe, na nasaha zinapozidi anakata kona kuingia mtaa huo. Ndipo vilipo vilabu vya wanaume, mabwana wamekaa madirishani wakitazama wapitao, na bibi mwenye heshima zake hakutakiwa kuonekana hapo. Eugenia kushuka hawezi, na kurudi nyuma ndiyo kabisa. Kosa lenyewe ni kupita njia tu! Mtu akijua kanuni za wakati ule, hapo anacheka na kuuona ukuta ambao wanawake wale walijengewa. Huo ndio ufundi wa Heyer, na sidhani mwandishi wenu alifika ukurasa huo.

Mwisho Sophy anamjeruhi kwa bastola yule bwana wa matubwitubwi, mkononi, makusudi, ili Cecilia aone damu na ajue anampenda nani. Naye mwenyewe anaolewa na Charles, mtoto wa shangazi yake. Sisi wa pwani hilo halitusumbui, binamu nyama ya hamu. Aliyekuwa mhasibu wetu, mtu wa Moshi, alipolisikia alishika kichwa.

Sasa kasoro. Hubert, mdogo wake Charles, amekopa pauni 500 kwa mtu aitwaye Goldhanger na kuweka rehani pete ya familia. Sophy anamfuata mkopeshaji ofisini kwake peke yake, bastola kaificha kwenye kifuko cha manyoya cha kukingia mikono baridi. Anaweka mezani fedha ileile iliyokopwa, riba hakuna, anadai hati na pete. Anamkumbusha kwamba mkopaji hajafikisha umri wa kisheria, kwa hiyo mahakamani deni halidaiki. Kama afisa mikopo nasema hapo yuko sawa kabisa, tena sheria ya Uingereza wakati ule ilikataza riba kupita asilimia 5 kwa mwaka, na iliendelea kukataza hadi 1854. Nimeona akina mama wakinyang'anywa majiko na vitanda kwa mikopo ya kausha damu, kwa hiyo wa mwisho kumlilia Goldhanger ningekuwa mimi.

Lakini Heyer hakuishia kwenye riba. Amemfanya Myahudi, akampa nywele za mafuta na pua ya kuchekwa, na uroho wake akautwisha kabila lake zima. Na hiyo ni 1950, miaka mitano tu tangu kambi za mauaji za Hitler zikombolewe. Nasikia toleo jipya la Marekani limeyafuta maneno hayo. Mimi ningeyaacha na kuweka utangulizi mkali, kwa sababu ukiifuta pua, uonevu mwingine unabaki palepale: aliyekopesha ni shetani, na Hubert aliyecheza kamari ni mtoto mzuri aliyepotoka kidogo.

Mabwana wale waliishi kwa mikopo. Deni la kamari waliliita la heshima na walililipa haraka. Fundi nguo angoje. Beau Brummell, aliyewafundisha wanaume wa London kufunga tai, alitoroka madeni yake akakimbilia Ufaransa mwaka 1816. Fundi aliyeshona yale makoti katika riwaya hii hapati hata nusu ukurasa wa kulalamika. Watumishi wana majina, ila dhiki hawana. Na huyo baba aliyekwenda Brazili, nchi iliyoendelea na utumwa hadi 1888, anarudi na stori za safari tu.

Wengi hawajui kwamba Heyer aliishi hapa kwetu. Mumewe alikuwa mhandisi wa madini, akamfuata Tanganyika mwaka 1927, wakakaa porini kwenye kibanda cha matete. Humo aliandika The Masqueraders, iliyotoka 1928, inayohusu Uingereza ya miaka ya 1740. Wachapishaji wetu wanaolalamika hawana cha kutafsiri waanze na hicho, na utangulizi waandikiwe na mtu wa huku.

Wako,
Afisa mikopo mstaafu,
Ngamiani, Tanga