Waamuzi wa magongo wasikimbilie kipenga

Mhariri,

Katika mechi za magongo pale City Park, mpira ukigusa tu kiatu cha beki, mashabiki hupaza sauti, "Mguu!" na mwamuzi hupuliza papo hapo. Kanuni haisemi hivyo. Mpira kumgusa mchezaji mwilini ni kosa pale tu anapopata faida, au alipojiweka makusudi auzuie kwa mwili. Ukimgonga kisha ukamfikia mshambuliaji aliye wazi, kipenga kinamwadhibu aliyekosewa. Mwamuzi asubiri kidogo aone mpira umeelekea wapi.

Kona fupi, yaani adhabu ambayo washambuliaji huanzisha mpira kutoka mstari wa nyuma ili wapige golini, ndiyo yenye hatari zaidi. Shuti la kwanza likipigwa kwa kuzungusha gongo, sharti livuke mstari wa goli bila kuzidi milimita 460, kimo cha ubao wa chini ulio ndani ya goli. La kuburutwa na kurushwa laweza kupaa, mradi lisihatarishe mtu. Beki aliye ndani ya mita 5 likimpata chini ya goti, kona nyingine. Likimpata gotini au juu, naye kasimama kawaida, mpira ni wa walinzi. Lakini anayemkimbilia mpigaji bila kujaribu kuucheza mpira, yeye ndiye aadhibiwe.

Mpenzi wa magongo,
Nairobi