Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasomaji,

Ya fedha sitayagusa sana, Mhazini atayasoma mwenyewe. Ada inaingia kwa kusuasua na wadaiwa wanajijua.

Mkutano huu ulipopitisha mwaka jana kwamba tusome riwaya nyepesi za kisayansi zenye mapigano ya panga, wapo walionung'unika kuwa chama kinashuka hadhi. Basi vikao hivyo ndivyo vilivyojaa kuliko vyote tangu nishike kiti hiki, na watu walikuja wamesoma!

Tulianza na Edgar Rice Burroughs, Mmarekani aliyeanza kuandika hadithi yake ya sayari ya Mirihi huku akihangaika na biashara ya vichongeo vya penseli. Ilitoka kwa mfululizo mwaka 1912, ikawa kitabu mwaka 1917. Shujaa wake, John Carter, anatua kwenye sayari ambayo mvutano wake haufiki hata nusu ya wetu, kwa hiyo anaruka kama panzi. Hilo halikuleta ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye panga: wenyeji wana bunduki za masafa marefu na merikebu za angani, halafu wanakatana kwa vyuma! Katibu aliuita upuuzi. Lakini mwandishi amejihami kwa desturi ya huko, kwamba anayevamiwa kwa upanga hajibu kwa bunduki.

Frank Herbert alilipatia jambo hilo dawa nzuri zaidi katika Dune, mwaka 1965, ingawa riwaya hiyo si nyepesi hata kidogo. Wapiganaji wake huvaa ngao ya nguvu inayozuia kila kinachokuja kwa kasi, ila kisu kinachoingia polepole hupita. Mwanachama mmoja alisimama na rula akamwonyesha jirani yake: mkono ukaenda mbio, ukasita karibu na shati, kisha ukasogea taratibu mpaka rula ikagusa kifungo. Hapo hata Katibu alinyamaza.

Kwa maoni yangu, bunduki humaliza ugomvi kabla msomaji hajawajua wagombanao. Wenye panga hawana budi kusogeleana, kutukanana, kupumua, na pengine mmoja kughairi. Ndiyo maana tunawasamehe waandishi hawa mengi. Julai 1965 chombo cha anga za juu cha Marekani, Mariner 4, kilileta picha za Mirihi yenye mashimo matupu, na bado tunasoma habari za mabinti wake wa kifalme. Nisilosamehe ni kwamba Carter ni kapteni wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lililopigania utumwa, na mwandishi anaona fahari tu.

Kwa mwaka ujao napendekeza Leigh Brackett, mwanamke aliyeandika visa vya panga vya Mirihi kuanzia miaka ya 1940, na baadaye rasimu ya kwanza ya filamu ya pili ya Star Wars. Nakala tunazo mbili tu. Jiandikisheni kwa Katibu kabla ya uchaguzi kuanza, na atakayechukua asikae nayo zaidi ya wiki mbili.

Mwenyekiti