Tupime kwanza maji yanayonyonywa na milingoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala usiokoma huku Mufindi kuhusu milingoti, au mikaratusi kama wataalamu waiitavyo, iliyopandwa jirani na chemchemi. Kila kiangazi maji yanapopungua, mkutano wa kijiji hugawanyika: wengine hutaka miti yote ikatwe, na wenye miti husema kisa ni uhaba wa mvua. Sijamsikia yeyote, nami nikiwamo, akitaja kipimo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Stephen Hales, aliyechunguza fisiolojia ya mimea, yaani jinsi mwili wa mmea unavyofanya kazi, kabla fani hiyo haijapata jina. Alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1677, akasoma Cambridge, na kuanzia 1709 hadi alipofariki mwaka 1761 alikuwa kasisi wa Teddington, karibu na London. Mwaka 1724 alichukua alizeti ya futi tatu na nusu iliyoota katika chungu, akaufunika udongo kwa bamba jembamba la madini ya risasi ili maji yasitoke ila kupitia mmea wenyewe, kisha kati ya Julai 3 na Agosti 8 akaipima asubuhi na jioni kwa siku 15. Kwa wastani ilipoteza aunsi 20, takriban gramu 570, kila mchana, kwa muda wa saa 12. Akakokotoa kwamba, kwa ujazo ulio sawa, alizeti hutoa maji mara 17 ya jasho la binadamu. (Ndiye pia aliyepima shinikizo la damu ya farasi kwa bomba, lakini hayo tuwaachie madaktari.)

Nimelirudia jaribio hilo na wanafunzi wangu kwa ndoo na mizani ya dukani. Mara ya kwanza tulisahau kufunika udongo, tukaisingizia alizeti maji yaliyokaushwa na jua. Tulipofunga nailoni mdomoni mwa ndoo, tarakimu zilishuka. Kosa hilohilo ndilo ninalolihofia mikutanoni: kuushtaki mlingoti kwa maji ambayo huenda yameishia kwenye vinyungu vyetu, yaani bustani za mabondeni.

Sitetei miti iliyo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelizuilia shughuli za kibinadamu. Kwa iliyo mbali zaidi, naomba kabla ya shoka kijiji kipime mtiririko wa chemchemi kila wiki, msimu mzima, kwa ndoo na saa. Ndoo tunazo shuleni, na wanafunzi wangu wako tayari kuanza Juni.

Mwalimu wa Biolojia,
Mufindi, Iringa