Atupele, sasa wewe ndiye unayesaini likizo

Mafinga,
14 Julai 2024.

Mpendwa Atupele,

Kamwene! Ujumbe wako wa kupandishwa cheo ulinikuta stoo, nikapiga kigelegele mpaka vijana wa kupakia mbao wakadhani kuna aliyejifungua. Hongera sana, mwenzangu. Halafu nikafika mstari wa mwisho: una watu kumi na mmoja chini yako na usiku hulali. Ndiyo maana sikupiga simu, nimekaa niandike. Baridi ya huku mwezi wa Saba unaijua, kwa hiyo mwandiko usinicheke, vidole vimekufa ganzi.

Unakumbuka mwaka ule nilivyokonda mkadhani naumwa? Sikukwambia yote. Alikuwa msimamizi wangu wa kule nilikoanzia kazi, na wala hakuwahi kunifokea hata siku moja. Watu wakisikia bosi anatesa wanafikiri ni matusi. Yule alikuwa mpole, anasalimia vizuri, anauliza habari za mama. Ila Ijumaa jioni nakaribia kufunga stoo, ujumbe unaingia: "Jumatatu tuonane ofisini." Basi. Hasemi kuna nini. Jumamosi nahesabu leja kichwani, Jumapili kanisani sisikii mahubiri, Jumatatu nafika tumbo limekaza, naye ananiuliza funguo ya akiba iko wapi! Haikutokea mara moja, Atu. Hadi leo naamini hakujua alichokuwa anafanya, na hapo ndipo ninapokuogopea wewe, kwa sababu na wewe ni mpole.

Likizo nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa siku 28 zenye malipo kila mwaka, hilo hata mfagizi wetu analijua. Lakini ni lini uende, mwajiri ndiye anayepanga, na kwa mwajiri elewa yule mwenye kalamu. Fomu yangu ilikaa mezani kwake wiki tatu, haijakataliwa, haijakubaliwa, juu yake kaweka kikombe cha chai. Ningeweza kulalamika. Ila ukimdai haki mtu anayepanga zamu, na yeye anakupangia zamu.

Kwenye kozi yangu ya jioni tulisoma habari za Mmarekani mmoja, Robert Karasek, aliyeandika mwaka 1979 kwamba kinachomchosha mtu akili si wingi wa kazi peke yake. Ni kazi nyingi halafu huna kauli juu yake. Nilicheka peke yangu darasani. Vijana wetu wa kupakia wanabeba mbao kutwa nzima, lakini wao ndio wanaoamua waanze na lori lipi na wapumzike saa ngapi, na jioni wanaondoka wanaimba. Mimi niliyekuwa nakaa kwenye kiti ndiye niliyekunywa dawa za vidonda vya tumbo.

Aliyeniokoa ni mzee wa tanuri la kukaushia. Alinifundisha kugonga ubao na kusikiliza: mbichi unajibu kwa sauti nzito, uliokauka unalia. Siku moja niliingiza kwenye leja mzigo wa mbao za inchi mbili kwa nne za futi 10 kana kwamba ni za futi 12. Za futi 12 zinaingia kama 53 kwenye mita moja ya ujazo, za futi 10 ni karibu 64, sasa piga hesabu ya lori zima uone leja ilivyodanganya. Sikuthubutu kwenda kwa msimamizi. Nilikwenda kwa mzee, akavuta gogo akakaa, tukarudia hesabu mpaka giza. Kesho yake nilipeleka kosa pamoja na masahihisho yake, likaisha.

Kwa nini kwake niliweza? Kwa sababu hakuwa na fomu ya kunijazia maksi. Wewe unataka uwe mlezi wa wote kumi na mmoja, umeandika hivyo kwa herufi kubwa. Hutaweza, dada. Hakuna atakayekuja kukwambia "hili silijui" wakati Desemba wewe ndiye utakayeandika kama anafaa. Mtafutie kila mgeni kazini mtu mzima wa idara nyingine, umwombe kwa heshima, halafu usimuulize waliongea nini. Hilo la mwisho litakuwasha, najua unavyopenda umbea.

Ukimwita mtu, taja jambo hapohapo. Fomu ya likizo ikishindikana, kataa na utaje tarehe nyingine.

Na usidhani nakuhubiria nikiwa msafi. Mwezi uliopita kuna kijana wa fildi, nilipita mbio nikamwambia "wewe, baadaye tutaongea," nikasahau. Saa nane mchana nikamkuta amekaa nje ya stoo, chakula hajagusa, daftari lake la kumbukumbu amelikumbatia. Nilikuwa nataka anisaidie kuhesabu mabati tu. Nilivyomwambia, alicheka kicheko ninachokijua.

Nakuja Mbeya kwa Nane Nane, fomu imesainiwa tayari, siku tano. Tukutane langoni pale viwanja vya John Mwakangale, au nije moja kwa moja kwako Uyole? Mama anauliza kama bado unapika yale maharage.

Wako,
Zawadi