YAH: Kufunga muhula na kazi ya mikono ya likizo, Darasa la Sita

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Shule imefungwa leo. Ripoti ya maendeleo anayo mtoto. Tafadhali isaini, airudishe siku ya kufungua.

Kazi ya likizo ni ramani ya mwinuko ya Vita vya Majimaji, watu wa kusini walipopigana na utawala wa Wajerumani, 1905 hadi 1907. Hatuhitaji bunduki za mbao wala mavazi ya askari. Tunataka mtoto aone kwa vidole umbali ambao habari ya maji ya Kinjikitile, mganga aliyeahidi kuwa dawa yake ingezuia risasi, ilisafiri kwa miguu.

Kata katoni mbili za sentimeta 60 kwa 50, uzigandishe zikipishana: mifereji ya ndani ya moja ilale, ya nyingine isimame. Ikielekea upande mmoja, ubao utapinda. Gundi ni ya kupika: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga hadi iwe uji mzito, weka kijiko cha chumvi. Gundi isiyopikwa huchacha na kunuka.

Sentimeta moja ni kilomita 10. Rufiji iwe juu, Ruvuma chini, bahari kulia, Ziwa Nyasa kushoto. Kilwa hadi Songea itakuwa kama sentimeta 46 kwa mstari ulionyooka. Msichore mipaka ya mikoa ya leo, haikuwapo.

Milima ifinyangwe kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa, kisha ifunikwe kwa vipande vya upana wa vidole viwili, tabaka tatu. Kila tabaka likauke kwanza, kivulini penye upepo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaharakisha, ndani panabaki maji, ukungu unaota. Bandika tabaka moja chini ya katoni pia, la sivyo upande uliolowa utavuta ubao wote.

Pamba halisi iwekwe Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Njiti za kiberiti zenye vibendera zisimame Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale. Mohoro, aliponyongwa Agosti 1905. Mahenge, ambako boma la Wajerumani lilishambuliwa mwezi huohuo. Na Songea, waliponyongwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Uzi mwekundu uunganishe vituo hivyo.

Mwisho, Ungoni, nchi ya Wangoni kuzunguka Songea, papakwe gundi nyepesi na kunyunyiziwa mkaa uliosagwa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Mkaa ukipakwa bila gundi utachafua ramani nzima.

Mzazi akate katoni na kusimamia jiko tu. Majina aandike mtoto, kwa penseli kwanza. Ramani iletwe wazi, si kwenye mfuko wa plastiki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu